Tochi ya Mawe Matatu

Mwaka ambao baba yangu, koplo wa polisi, alikuwa akisubiri V yake ya tatu, ile ya usajenti, ilimjia barua ikimtaka ajieleze kwa nini alimpiga bibi mmoja mkulima wa korosho kwa tochi na mawe matatu, machoni na miguuni. Mchana kweupe, ndani ya ghala.

Bibi mwenyewe hakuwa na hata mkwaruzo. Tena siku aliyokwenda kituoni kutoa taarifa alikuwa amebeba kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, zawadi kwa baba.

Wa rika langu nadhani mmeshaanza kucheka. Wengine mnivumilie, lazima kwanza niieleze tochi.

Tulikaa kota za polisi Mtwara mjini, upande wa kuelekea Chuno. Enzi hizo askari wa lindo alitambulika kwa vitu vitatu: kofia, buti na tochi, na kati ya hivyo tochi ndiyo iliyokuwa haizeeki. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, ndefu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole, yenye mistari mwilini ili isiteleze. Ya baba ilianguka kutoka kwenye baiskeli, ikakanyagwa na gari, na mara moja ikadumbukia baharini Msimbati. Mama aliifungua, akamwaga maji kama anayemwaga chai iliyopoa, akaianika karibu na samaki. Jioni ikawaka. Kioo chake kilikuwa na ufa, kwa hiyo mwanga wake ulikuwa na mstari katikati, na watoto wote wa kota tuliujua: huyo ni Baba Neema anarudi, kila mtu kwao.

Chakula cha tochi kilikuwa mawe. Waliosoma sana waliyaita betri, lakini nyumbani, dukani na vijijini yalikuwa mawe, na tochi ilipimwa kwa hayo: ya mawe mawili ni ya mwenye duka, ya mawe matatu ni ya serikali. Yakichoka tuliyaanika juu ya bati pamoja na mhogo, yakapata nguvu za siku mbili tatu. Yakifa kabisa tuliyapasua, tukapeleka ule unga mweusi shuleni kupaka ubao. Tulirudi tumekuwa weusi hadi ndani ya masikio, na mama akauliza, "Nimewapeleka kusoma au kuchoma mkaa?"

Raha yetu kubwa ilikuwa kuiwasha tochi na kuitia kichwa chake mdomoni, mashavu yakawa mekundu kama nyanya. Mama alitufukuza na mwiko. "Toa! Hiyo ni mali ya serikali! Ukiimeza utafungwa wewe na tumbo lako!"

Na kummulika mtu kuliitwa kumpiga tochi. "Hebu nipige tochi nione pa kukanyaga." Hakuna aliyeumia.

Sasa turudi ghalani. Ulikuwa msimu wa korosho na baba alipangiwa lindo kwenye ghala la kijiji kimoja nje ya mji. Madirisha yalikuwa yamezibwa, kwa hiyo hata saa nane mchana ndani kulikuwa giza. Bi Somoe, mama mtu mzima wa kijijini hapo, aliingia kutafuta gunia lake bila kubisha hodi. Baba akasikia mchakacho, akadhani ni mwizi, akampiga tochi ya macho. Bi Somoe akasimama palepale, mguu mmoja juu. Baba akashusha mwanga amwone miguuni, na hapo wote wawili wakamwona swila amejikunja mahali ambapo ule mguu ulikuwa ukishuka.

Baba hakujisifu. Alisema wazi kwamba nyoka hakumwona kabla. Yeye alikuwa anakamata mwizi. Bi Somoe hakutaka kusikia hayo. Kesho yake alitembea hadi kituoni na kikapu chake, akataka yaandikwe.

Aliyeandika alikuwa konstebo kijana tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu alisahihisha Kiswahili cha kila mtu. Ukimwambia sukari imeisha, anakujibu imekwisha, na sukari hakupi. Alikuwa mgeni, amekulia mjini kwenye umeme, na aliamini kwamba watu wa kwetu, kwa kuwa nyumbani wanasema Kimakonde, Kiswahili chao lazima kishikwe mkono. Bi Somoe akasema: "Alinipiga tochi ya mawe matatu, ya kwanza machoni, ya pili miguuni." Mwalimu akatafakari. Tochi ya mawe? Mama huyu amechanganya "ya" na "na". Akamsahihisha. Sehemu ya nyoka aliiacha, akaona haihusiani na shambulio.

Karatasi ikapanda kwa wakubwa, barua ikashuka. Baba alikuwa mtu wa kusoma kwa haraka na kujibu kwa ukweli. Akaandika, na mama aliyakumbuka maneno yale hadi uzeeni: "Ni kweli nilimpiga tochi. Ndiyo kazi niliyopangiwa, na yeyote atakayeingia ghalani nitampiga. Kuhusu mawe matatu, nilikabidhiwa na stoo, ninayo yote, na bado yana nguvu."

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya kumwita ahojiwe. Safari hii hawakuuliza kuhusu V ya tatu. Waliuliza kama anastahili zile mbili. Ndipo baba, akiwa anakula, akaisoma ile barua ya kwanza taratibu, kwa kidole, akafika kwenye "na", akaweka kijiko chini. Mama alikuwa ameshanunua uzi mweupe wa kushonea V mpya. Akaurudisha kabatini.

Siku ya kuhojiwa mimi nilikuwa shule. Nayasimulia kama nilivyoyapata kwa baba, kwa Bi Somoe, na kwa mama, aliyesimama chini ya dirisha la kituo na ndoo akijifanya anasubiri maji mahali pasipo na bomba. Wote watatu wanakubaliana.

Afisa aliyetumwa kuhoji alitoka mbali. Akamuuliza Bi Somoe, "Mama, huyu alikupiga?"

"Alinipiga."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana, baba. Nilibaki naona nyota."

"Na hayo mawe aliyatoa wapi?"

"Si humo humo ndani ya tochi?"

Bi Somoe akamtazama afisa kwa huruma, akaichukua tochi mezani, akaifungua mkia, akayamwaga mawe yakabingirika juu ya majalada. "Moja, mbili, tatu. Hesabu mwenyewe."

"Mama, hizi ni betri."

"Betri iko kwenye gari, mwanangu. Haya ni mawe." Akayarudisha, akafunga, akaielekeza usoni kwa afisa, akawasha. "Haya, na wewe nimekupiga. Nenda kashitaki."

Mama anasema kicheko cha afisa kilimfanya aangushe ndoo.

Siku hizi tochi inakaa ndani ya simu, na simu yenyewe inavalishwa nguo kama mtoto mchanga. Ikianguka mara moja mwenyewe anaomboleza siku tatu. Neno limebaki lakini limehamia barabarani. Juzi mwanangu alinipigia akitokea Mikindani, sauti imekauka: "Mama, nimepigwa tochi!" Trafiki walikuwa wamempima mwendo. Baba, ambaye sasa anakaa nami, akaniomba simu. "Mjukuu wangu, ya mawe mangapi?" Kijana akajibu, "Babu, mawe gani? Mbona hawajanirushia kitu?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka nusu. Siku ile ya kuhojiwa, afisa alimwamuru Mwalimu aandike barua ya kusahihisha na kuipeleka kulekule ilikokwenda ya kwanza. Mwalimu aliiandika; baba aliiona kwa macho yake, "ya" imepigiwa mstari mara mbili. Mwezi uliofuata Mwalimu alihamishwa. Baba alitumikia miaka mingi baada ya hapo, hakupata kosa jingine, na alistaafu na V mbili. Kama barua ile ilitumwa, au iliishia kwenye droo ya kituo, hakuna anayejua, na baba hakuwahi kuuliza.