Mfereji wa Kutawadha

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja ya Timau, Bwana Kazi alinipa spana, akanionyesha shimo, akasema anayekaa chooni atazame mlima. Nikakataa. Timau mlima uko kusini na Kibla kaskazini, na Mwislamu akienda haja haelekei Kibla wala hageuzi mgongo huko. Nikalikalisha sinki la choo kwa ubavu. Bwana Kazi akacheka: "Kijana, hata choo yako iko na dini?" Lakini aliniachia. Vijana mnaosomea ufundi wa mabomba, huyo ndiye mkubwa wa mwisho aliyenisikiliza.

Nikahamishiwa hospitali moja mjini Meru. Waislamu tulikuwa wachache, na adhuhuri tulihangaika na makopo. Nikamwomba Msimamizi wa Majengo mfereji wa kutawadha. Kutawadha ni kunawa kwa ajili ya sala. Kutawaza ni kujisafisha baada ya haja. Lakini ulimi wa kwetu Meru hautenganishi z na dh. Mzungu mwenyewe tunamwita Muthungu. Msimamizi aliitikia, nami nikafurahi kama mjinga. Niliporudi kutoka likizo nikaukuta mfereji mpya, unang'aa, ndani ya choo.

"Si uliomba ya kutawaza? Sasa utatawaza wapi kama si kwa choo?"

Nikamweleza kwamba chooni tunaingia kwa mguu wa kushoto, kimya, na jina la Mungu halitajwi humo, ilhali udhu huanza kwa Bismillahi.

"Fundi, kazi imeisha. Mungu ataelewa."

Mungu labda alielewa. Mimi sikuelewa, na sijasamehe. Kila msimamizi aliyekuja nilimwomba, naye akanionyesha uleule wa chooni. Niliweka mifereji ya maabara, ya jikoni, hata wa kuoshea gari la Daktari Mkuu, kisha nikabeba kopo langu hadi nyuma ya jenereta.

Mwaka wangu wa mwisho ukaja ugonjwa wa kunawa mikono. Daktari Mkuu akaamuru, "Kila mlango uwe na maji kufikia Ijumaa!" Kumbe ilikuwa kazi ya wiki moja tu. Ule wa mlango mkubwa niliufunga chini kidogo, makusudi, miguu iufikie.

Siku ya kuagwa walinipa keki na blanketi. Adhuhuri ilipoingia nikavua viatu pale mlangoni, nikasema Bismillahi kwa sauti. Nilikuwa nimeosha mguu wa kulia askari wa lango aliponigusa bega.

"Mzee, hiyo ni ya mikono peke yake. Miguu enda uoshee kwa choo."

Nikavaa viatu, mguu mmoja umelowa, mwingine mkavu. Ndivyo nilivyostaafu.