Kioo cha Boila

Mimi kumwamini mtu ni kazi, na mke mwenzangu ndiyo kabisa. Mume alipomleta nilisema karibu kwa mdomo, macho yakabaki wazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo kikundi chetu cha akina mama wa kubangua korosho, hapa Mbekenyera, kilipompa yeye kazi ya boila, nilihamisha kigoda changu nikae mahali ninapomwona vizuri.

Boila yenyewe ni pipa kubwa la chuma, kuukuu: chini kuni, ndani maji, na mvuke wake unalainisha maganda kabla hatujaanza kubangua. Ubavuni ina kioo chembamba cha kuonyesha maji yamefika wapi. Yakipungua, unapiga pampu ya mkono. Tangu tuinunue hakuna aliyewahi kuiosha ndani. Nani ana muda, na korosho zinangoja?

Asubuhi ile bi mdogo alikaa anachezea simu, anacheka peke yake. Pampu hakuigusa. Mh! Nikasema leo nimemkamata. Nikakodolea kioo macho, nikisubiri maji yashuke nimuumbue mbele ya wenzake. Hayakushuka. Sinia moja la korosho likaiva, jingine likaiva, maji palepale, nusu ya kioo, hata hayatikisiki. Wenzangu wakasifia: boila yetu ina baraka siku hizi, hainywi maji. Mimi ndiyo nikazidi kuingiwa na shaka. Chungu gani kinachemka asubuhi nzima kisipungue?

Hofu ikanishika vibaya: huenda ndani maji yamekwisha na chuma kitapasuka, na yeye alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwenye lile pipa, na tumbo lake la mimba lilishakuwa kubwa. Nikamvuta mkono, nikaanza kuchomoa kuni.

"Dada, una wazimu?"

"Ondoka hapo!"

Akina mama wakapiga kelele: wivu huo, hapendi mwenzake kupewa kazi! Waseme. Nilichomoa kuni zote, vidole vikaungua.

Boila ilikuwa imepoa fundi tuliyemwita alipofika na bodaboda kutoka Ruangwa. Akafungua juu, akatumbukiza kijiti hadi chini. Kikatoka na unyevu nchani tu. Matundu ya kioo yalikuwa yamezibwa na chokaa ya maji ya kisima, kwa hiyo tulikuwa tunatazama maji ya siku nyingi yaliyokwama mle. Alisema hata treni za mvuke za zamani zilikuwa zikipasuka kwa uzembe kama huo, boila kutooshwa.

"Mngezikwa," alituambia, "na huyu wa karibu wa kwanza."

Nilingoja mke mwenzangu aniambie asante. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mkono tumboni.

"Dada, wewe ulijuaje kama ndani hamna maji?"

Nikamjibu kuwa nilikuwa namchunguza. Ilikuwa kweli tupu, na hiyo ndiyo iliyoniharibia. Iliniuma, sifichi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Tunaishi ua mmoja, namsikia akilia na kucheka, na mpaka leo mama yake hajaniruhusu nimpakate.