Benchi la Wageni

Kabla ya habari za kanisa, niwape hii ya babu yangu. Tulikuwa tukikaa Mtopanga, enzi hizo nyumba za kuhesabika. Alasiri moja akaja mtu na tenga la kuku, akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa wali na kitanda cha babu mwenyewe. Babu akalala mkekani. Asubuhi ndipo akaulizwa atokako na aendako. Kumbe alikuwa aenda harusini, nyumba nyingine kabisa! Tulicheka, na yeye akacheka. Kwetu mgeni alikuwa yeyote aliyefika, basi.

Sasa mie, ambaye darasa la nne sikulimaliza, nikaajiriwa mhudumu wa kanisa moja upande wa Bamburi, karibu na mahoteli. Siku ya kwanza mwenyekiti wa wazee wa kanisa akanizungusha. Kitambaa cha madhabahu hakitiwi dawa ya madoa. Utambi wa mshumaa hupunguzwa kabla ya ibada, usitoe moshi. Kengele huvutwa taratibu, "si kama wafukuza kunguru, Katana." Mwisho akanionyesha benchi la mbele, lenye mito.

"Hili la wageni. Asikae mtu."

Nilifurahi. Nikaona hapa pana adabu. Miaka nikalipangusa, wakikaa Wazungu wa mahotelini, na sikutia shaka. Si ndio waliotoka mbali?

Mpaka Jumapili moja akaja Mkongomani, fundi cherehani, ndiyo kwanza amepanga chumba Bombolulu. Suti kaishona mwenyewe, imemkaa haswa. Nikamwambia, "Ndugu, leo wewe ndiye bwana harusi!"

Akacheka. "Aksanti, papa. Niko natafuta kanisa ya kusali na bibi yangu na batoto, bakifika."

Nikamkalisha benchi la wageni. Mwenyekiti akanijia mbio, akinong'ona.

"Katana! Umemweka nani pale?"

"Mgeni."

"Mgeni gani? Yule si mgeni, ni mtu tu!"

"Katoka Kongo, mzee."

"Wageni ni Wazungu! Kwani hukujua?"

Haki ya Mungu, sikujua. Nikamwambia, "Mie simwondoi. Mwondoe wewe."

Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Nilipofiwa na mke wangu, ndiye aliyekesha nami matangani. Paa la kanisa liliezekwa kwa sadaka za benchi lile, naye alihofia Wazungu wakichukizwa hawatakuja tena. Na ni mweusi, kanishinda hata mie! Sasa nimestaafu, vijana huniuliza kama kanisani mna ubaguzi. Huwaambia upo, na pengine unashikwa na sisi wenyewe, kwa mikono miwili, kwa woga.

Basi, bibi mmoja wa Kizungu alikuwa kashafika, kakaa benchi lile lile. Akaupigapiga mto, akamwambia fundi, "Kaa, kaa, nafasi iko."

Mwenyekiti akajitia hakusikia. Akamwinamia fundi. "Ndugu yangu, hata kule nyuma Mungu yupo."

"Na huku mbele," akauliza yule bwana, "ni nani iko?"

Akainuka. Akafunga kifungo cha koti, akamshukuru yule bibi, akanipa mkono. "Ubaki salama, papa." Akapita katikati ya mabenchi polepole mpaka nje, watu wote wamegeuka. Mie nikadhani anatoka kupunga upepo kidogo, ghadhabu zishuke. Nikauacha mlango wazi ibada nzima.

Hakurudi. Wala Jumapili nyingine.