Galoni ya Alizeti na Kilima cha Mchanga

Shule niliishia darasa la pili, lakini majina nayashika. Waliochimba kisima chetu nawajua mmoja mmoja, na watoto wao, na wake waliowaoa. Hapa majina sitayaandika, maana wengi wa hao bado tunasalimiana. Nitasema mwanangu, nitasema fundi, inatosha.

Kwetu ni ng'ambo ya mto wa mchanga, ukitokea Sepuka. Maji hupita humo miezi michache tu, siku nyingine zote ni mchanga mtupu. Mvua za mwaka juzi zilibomoa ukingo wa upande wa Sepuka, kisha upepo wa kiangazi ukarundika mchanga palepale njia inapopandia. Kikawa kilima. Wenye mikokoteni wakaanza kufunga ng'ombe jozi mbili. Mwanangu wa mwisho ana pikapu kuukuu ya dizeli, zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne, lakini hata yeye akifika katikati injini inalia, gari linazama mpaka tumboni.

Mwaka huo macho yangu yalikuwa yameingia ukungu. Likaja tangazo, wakalisoma msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili: madaktari wa macho watakuwa mjini Singida siku tatu, wanatoa mtoto wa jicho, na wakiondoka haijulikani watarudi lini. Siku ya kwanza tulitoka na pikapu, ikakwama kilimani, tukarudi nyumbani. Bodaboda siwezi, nyonga yangu haikubali kupanda. Zikabaki siku mbili.

Mwanangu akampigia simu fundi wa Ilongero. Akaja siku ya pili na pikipiki, mfuko wa spana mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja kutupandisha?"

"Nimekuja kuisikiliza kwanza. Hata wewe daktari hakuchomi sindano ukiwa mlangoni."

Akafungua boneti, akatoa chujio la hewa. Mwanangu hulaza gari karibu na uwanja wetu wa kupuria mtama, na lile chujio lilikuwa limejaa pumba na vumbi kama godoro.

"Injini mnaikaba koo halafu mnaitukana haina nguvu," fundi akasema. "Nguvu ni hewa na mafuta. Hewa haipiti, utakanyaga mpaka mguu utokee chini."

Akalikung'uta, akalipuliza, akalirudisha. Kisha akagusa skrubu ya pampu ya dizeli, akaizungusha kidogo sana, mafuta yazidi. Mwanangu akamuuliza habari za tabo, kile kidude kama konokono kinachosukumia hewa kwenye injini.

"Hiyo funga kwenye injini nzima. Hii yako utaipasua, ndugu yangu. Shida nyingine ni pampu, imechakaa, dizeli inapenya pembeni. Wenye malori wengine huchanganya mafuta ya alizeti kidogo, kwa kuwa ni mazito, pampu inayashika. Lakini yawe yametulia, yamechujwa, hayana hata chembe."

Jirani yangu, mke wa shemeji, alikuwa amesimama pale na ungo wake. "Basi mtafika mjini mnanukia maandazi. Watu watawafuata na sahani."

Mwanangu akasema, "Mama, tuletee yale mazuri."

Stoo nilikuwa na galoni mbili za njano. Moja ina mafuta yaliyokaa wiki tatu na kupita kwenye kitambaa. Nyingine yametoka kukamuliwa, yana matope yake bado. Mtu mwenye macho huinua galoni mlangoni, mwanga ukapita, akajua. Niliinua moja, nikainua ya pili. Zote zilikuwa njano tu.

Ningemwita mjukuu wangu, alikuwa jikoni. Sikumwita. Wote nyumbani nilikuwa nimewaambia naona vizuri, ila mbali tu ndipo panasumbua. Hawakujua kwamba chai nilikuwa namimina kwa kusikiliza mlio wa kikombe. Nikachagua iliyokuwa karibu na mkono.

"Yametulia haya, bibi?" fundi akauliza.

"Yametulia."

Alizeti nimekamua tangu ujana, na neno langu kwenye mafuta hakuna anayeliuliza mara mbili. Mwanangu akamimina.

Fundi alilala kwetu ili asubuhi atuone tukipanda. Siku ya tatu tukatoka mapema, mimi mbele, yeye nyuma na spana zake. Injini ilikuwa na sauti nyingine kabisa. Tukavuka mto, mwanangu akaweka gia ndogo, gari likakishika kilima mpaka mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Nikasema moyoni, leo. Tulipopita katikati likakohoa. Likakohoa tena, likazima, likaanza kurudi nyuma lenyewe mpaka chini.

Mwanangu alishuka hata mlango hakufunga.

"Umechezea pampu yangu, fundi."

"Sikuichezea. Nimeigusa kidogo tu."

"Jana lilikuwa linawaka. Leo limekufa. Nani mwingine kaigusa? Madaktari wanaondoka leo, mama yangu atakaa gizani kwa mkono wako."

Nilimsikia fundi akifunga mfuko wake, na mtu anayefunga mfuko vile anajua kesho habari zitafika Ilongero kabla yake. Ana watoto wanne, na majina yao ninayajua.

Nikasema, "Mwache. Nilitoa galoni isiyo yenyewe."

"Mama, wewe huwezi kukosea mafuta."

"Sikuziona, mwanangu. Wewe mwenyewe hapo nakujua kwa sauti."

Fundi ndiye aliyeniuliza polepole, "Kwa hiyo yana matope, bibi?"

"Yana matope."

"Basi ni filta ya dizeli imeziba. Dawa yake ipo."

Wakafungua tangi, wakamwaga yote. Mwendesha boda mmoja akatumwa Sepuka kuleta dizeli safi. Fundi akaiosha filta mara tatu, akatoa upepo ulioingia kwenye mipira ya mafuta, dizeli ikaanza kupita. Akapunguza upepo wa tairi zote nne hadi zikakaa mchangani kama nyayo za ngamia. Akamwambia mwanangu arudi nyuma mbali, aje na gia ileile moja, asibadilishe wala asikanyage kwa hasira. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Tulipanda bila kusimama. Juu, fundi alijaza upepo kwa pampu ya mguu, tairi moja baada ya nyingine, nami nilikaa nahesabu anavyokanyaga.

Mjini tulikuta benchi karibu tupu. Nilisikia nesi akikunja karatasi zake. Akaniuliza jina, kijiji, kisha akauliza, "Ukungu ulianza lini, bibi?"

Siku zote jibu langu lilikuwa juzijuzi tu.

"Miaka miwili," nikasema. "La kulia halioni kitu. La kushoto linaona mwanga wa mlango na vivuli tu."

Nilimsikia mwanangu akivuta pumzi pembeni yangu. Akaushika mkono wangu, wake ungali na dizeli. Nesi akaandika, akasema nitakuwa wa mwisho, nivue kilemba, waanze na la kulia.