Kaulimbiu Iliyozaliwa na Hofu

Nilipigiwa simu nikiwa Isebania, nikifuatilia mzigo wa karatasi, nikaambiwa kwamba yule mzee aliyenifundisha kazi ya chapa amefariki. Sikulia. Nilitafuta tu mahali pa kukaa. Ukifika umri wangu, msomaji, Ijumaa ni ya kufuata jeneza kutoka mochari na Jumamosi ni ya kukaa chini ya hema ukisikiliza watu wakisifiwa kwa mambo wasiyoyafanya. Nimechoka, na sioni aibu kusema hivyo.

Wengi walimjua kwa duka lake la kupiga chapa mjini Migori. Alinipa kazi hapo nilipoacha shule kidato cha pili, wazazi wetu wakiwa wamefariki na wadogo zangu wakinitazama mimi. Wachache walijua kwamba zamani alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioanzisha gazeti la kwanza la chuo kikuu chao, kurasa chache tu zilizotolewa bwenini kwa mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono. Gazeti hilo bado lipo, siku hizi linasomwa kwenye simu, na kila toleo hubeba kaulimbiu ileile: Tutaendelea tukirudi. Wanafunzi huivaa kwenye fulana. Wanaamini kaulimbiu hiyo ilikuwa tamko la kuwakaidi wakubwa waliokifunga chuo.

Siku moja tukisafisha rola za mashine dukani, alinieleza ilivyokuwa. “Omera, ndugu yangu, tulikuwa tumeandika makala kali juu ya askari waliowapiga wenzetu. Stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, iko tayari. Mara tukasikia viatu kwenye ngazi.”

“Polisi?”

“Mfagiaji! Lakini tulikuwa tumeshaipaka makala yote dawa nyekundu ya kufutia, vidole vyekundu kama tumechinja kuku. Ukurasa ukabaki na pengo. Tulijua chuo kinafungwa, basi tukajaza maneno hayo, kama mwenye duka anayebandika karatasi mlangoni akienda kula.”

Alicheka mpaka akakohoa. Chuo kilipofunguliwa wenzake walirudi na wakaendelea. Yeye hakuruhusiwa, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa mbele kama mhariri. Mwaka huu aliposikia kwamba wanafunzi wanaandaa toleo la historia ya gazeti, alinipa ombi moja: “Wakija nikiwa sipo, waambie tuliogopa. Ukiwaambia watoto tulikuwa majasiri, watadhani hofu yao ni ugonjwa.”

Walikuja kwenye mazishi, kule Rangwe. Mhariri wa sasa, kijana mwembamba mwenye suti ya kuazima, alishika maikrofoni akatangaza kwamba marehemu alitazama bunduki na hakupepesa jicho. Watu wakapiga makofi. Binti wa marehemu aliniona nikijiweka sawa kwenye kiti ili nisimame, akaniinamia.

“Anko, tafadhali. Baba alinyimwa kila kitu kule chuoni. Mwachie sifa hii moja.”

Nilibaki kwenye kiti, kwa sababu msiba ulikuwa wake. Lakini najua sifa za namna hiyo zinavyolemea. Mimi nimesifiwa miaka yote kwa kuwalea wadogo zangu, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kusonga ugali nikamsukuma kando. Basi baada ya chakula nilimvuta yule mhariri nyuma ya mahema nikamweleza yote, mfagiaji na vidole vyekundu.

“Lakini mzee,” akasema, “hiyo haina nguvu. Ukurasa tumeshaupanga. Si tuuache tu hivyo?”

“Mwenyewe alitaka ijulikane.”

Akachezea kifungo cha koti. “Kwani waliogopa kabisa?”

“Walifuta makala yao wenyewe kwa sababu ya mtu wa ufagio.”

Hakucheka. Alikaa juu ya kreti tupu ya soda. “Jumanne naitwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa makala niliyoandika. Sijala vizuri wiki nzima. Nilidhani mimi ndiye mwoga wa kwanza kwenye gazeti hili.”

Sijui ataandika nini, na binti wa marehemu huenda asinisalimie tena baada ya kusoma safu hii. Nitamwendea, nivumilie hasira zake. Tunapowazika watu wetu, tusiwavue hofu zao ili wapendeze. Kuna walio hai ambao hawana kingine cha kushikilia.