Ghorofa la Dorkasi

Dorkasi alikuwa na mdomo. Hata waliompenda walikiri hivyo, na waliompenda walikuwa wengi, maana mdomo huohuo ndio uliokuwa ukianzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama na kuwachekesha watu msibani chakula kinapochelewa. Alizaliwa Mvumi, akaja Dodoma mjini akiwa msichana wa kupiga taipu katika shirika moja la umma, akapiga taipu mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Kisha mashirika yakaanza kuuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na Dorkasi akajikuta amekaa nyumbani kwake Kizota mchana kweupe siku ya kazi, hajui mikono aiweke wapi.

Kilichobaki cha kujivunia kilikuwa kisima. Kilichimbwa na Bartolomayo, fundi wa Haneti, kikatoa maji yasiyo na chumvi. Kwa Kizota hilo si jambo dogo, wala Dorkasi hakumwacha mtu asahau.

Ndipo akahamia jirani upande wa chini, Batuli, mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa akiwauzia mafundi gereji chai na vitumbua. Batuli naye akamwita Bartolomayo amchimbie kisima. Siku fundi alipoyafikia maji, ndoo ya Dorkasi ilipanda na tope. Dorkasi akasimama kwenye ua wa minyaa, mikono kiunoni, akaufungua ule mdomo.

"Maji ya huko chini ni yaleyale! Hakuna yako wala yangu! Unayochota wewe yametoka kwangu! Mwizi wa maji!"

Mtaa mzima ulitoka kusikiliza. Kesho yake maji ya Dorkasi yalikuwa yametulia, na mlangoni palikuwa na kibakuli cha vitumbua vya moto kimefunikwa kwa kitambaa. Dorkasi alivila vyote, halafu akaenda kurudisha bakuli, na hakurudi mpaka jioni. Tangu hapo wakawa chanda na pete, ingawa Batuli hakuacha kumtania. Kila alipomwona kisimani alipaza sauti, "Dada Dorkasi, mwizi wako nipo!"

Kiinua mgongo chake Dorkasi alikitia kwenye vyumba vya kupangisha. Mji ulikuwa unafunguka, magari ya mitumba yanaingia, gereji zinaota kila kona, na watu wanatafuta pa kulala. Ujenzi ulimmaliza. Vyumba vilipoezekwa hakuwa na kitu tena ila chumvi jikoni na mpangaji mmoja wa uhakika: Bupe, nesi kutoka Mbeya, mwenye watoto, aliyetaka kuingia mwisho wa mwezi. Kilikosekana choo tu.

Na huo ndio mwaka wa tisini na saba, jua lilipowaka mpaka kisima cha Dorkasi kikakauka. Chini ulibaki mchanga mkavu. Kila asubuhi alibeba ndoo akaenda kuchota kwa Batuli, ambaye kisima chake kilikuwa kirefu zaidi.

Bartolomayo alikuja kupima pa kuchimba choo. Akapiga sururu mara kadhaa, ikagonga mwamba, ikarudi juu ikilia. Akafuta jasho, akatazama kile kisima kikavu, uso ukamng'aa.

"Mama, tunajitesa bure. Shimo si hili hapa? Refu, limenyooka, mkono wangu mwenyewe. Tunafunika zege, tunaacha tundu, kesho mpangaji anaingia. Huko Majengo nimeshawafanyia watu kibao."

Dorkasi alimwona kama malaika. Zege likamwagwa pale uani siku hiyohiyo.

Batuli alikuja lilipokuwa linakauka. Alilizunguka, akachungulia kisimani, akauliza ni la nini. Alipojibiwa, aligeuka akatazama kisima chake kule chini.

"Dada, mimi niko chini yako hapa. Chai ninayopika ni ya maji hayo."

"Kisima kimekufa, Batuli. Hakuna maji humo ya kwenda popote."

"Mvua ikinyesha je?"

"Mvua ipi?" Dorkasi alicheka kwa hasira. "Na hata ikinyesha, shimo langu ni langu, lako ni lako. Wewe una biashara, mimi nina vyumba vitupu. Au hutaki na mimi nile?"

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa mabaya, na aliyajua yangali mdomoni. Batuli alijitanda khanga yake vizuri.

"Ulisema maji ni yaleyale," alisema. "Ulisema mtaa mzima ukisikia. Mimi nilikuamini."

Akaondoka.

Dorkasi alizunguka na kuongea peke yake hadi giza likaingia. Batuli ana wivu. Warangi wakaidi. Fundi amesema, na fundi anajua. Asubuhi hakuwa na maji, akajikaza, akabeba ndoo akaenda kulekule kwa Batuli, akijua kamba itakuwa imefichwa. Kamba ilikuwapo. Ndoo ya Batuli ilikuwa pale, na juu yake, kama kila siku, kitumbua chake kimefungwa kwenye karatasi.

Alichota. Akayatazama maji yale meupe yakitulia kwenye ndoo, maji ambayo yeye mwenyewe angeyanywa, angeyapikia uji. Choo cha nani basi, na nani angekinywa? Aibu ilimshika akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia huku akila kitumbua.

Siku hiyo alikwenda kumwambia Bupe ukweli: choo hakipo, na hajui kitakuwapo lini. Alijua akimkosa huyu, atalala njaa.

"Mama, wanaoharisha nawaona wodini kila siku," Bupe alisema. "Nitasubiri. Lakini usinisahau."

Bartolomayo alipoambiwa kisima hakitafanywa choo alinuna, kisha akakuna kichwa. Kama chini ni jiwe, alisema, basi tupande juu. Kando ya barabara, mbali na visima vyote viwili, alichimba shimo fupi mpaka sururu ilipogoma, akalizungushia ukuta wa tofali, akaujaza udongo kandokando, akaliweka lile zege juu na ngazi za kupandia. Batuli alikuja na mafundi gereji wake kusomba mawe. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Waliliita ghorofa la Dorkasi, na mtu akipanda ngazi alisalimiwa na barabara nzima. Bupe aliingia mwezi uliofuata, watoto wakaringia kukaa nyumba yenye ghorofa.

Kisha ikaja El Nino. Wazee hawakukumbuka mvua ya namna ile. Vyoo vya watu vilijaa, vikafurika njiani, na waliokuwa wakicheka walisimama kwenye matope wakiliangalia ghorofa, kavu, limesimama. Bartolomayo hakupata tena nafasi ya kulala mchana. Kila mtu alitaka ngazi. Huko Majengo alikwenda kuvifunga vile vyoo vyake vya visimani bila kuitwa, uso ameinamisha.

Usiku mmoja kuta za kisima cha Batuli zilibomoka zote, kikajaa udongo. Asubuhi Dorkasi alisikia habari, akatoka mbio, akapita karibu na kisima chake kilichokauka. Akasimama. Chini, badala ya mchanga, kulikuwa na mbingu.

Alikuwa bado ameinama, machozi yakimdondoka humo kisimani, alipomwona Batuli kwenye ua, khanga imelowa, ndoo mkononi.

"Dada Dorkasi," alisema, "nimekuja kuiba maji."

Dorkasi alimpokea ndoo, akaifunga kamba.

"Iba, mdogo wangu," alisema. "Lakini nenda ukayachemshe. Nitayanywa na mimi."