Mlio wa Mashine Uliomfuata Kinyozi Nyumbani

Mdogo wangu ni kinyozi, na kutulia hajui. Hata chakula anakula amesimama, mguu mmoja mlangoni. Dawa za virusi vya UKIMWI anameza miaka mingi sasa bila kukosa, kanenepa, kasahau kama anaumwa.

Mwaka jana wateja wakaanza kutoka kwake na ngazi kichwani, nywele huku ndefu huku fupi. Akalaumu taa. Akabadilisha balbu, akaongeza nyingine, mpaka kibanda kikawaka kama uwanja wa mpira. Kumbe jicho la kulia limeingia ukungu, na hasemi. Usiku halali, anazunguka uani, eti mlio wa mashine unamfuata mpaka nyumbani.

Siku moja nimekaa pale kibandani kwake, plagi ya mashine ikachomoka ukutani. Dereva mmoja aliyekuwa kitini akangoja airudishe. Mdogo wangu akaendelea kunyoa.

"Fundi, unaninyoa au unanipapasa?"

"Tulia nisikukate."

"Unikate na nini? Mashine imezimika."

Akaisogeza sikioni. Uso ukamshuka. Mlio alikuwa bado anausikia.

"Vaa viatu, twende kliniki," nikamwambia.

"Dada, kesho. Leo wateja wengi."

"Ukipofuka hao wateja utawanyoa kwa harufu?"

Kliniki, muuguzi hakuanza na macho. Akamshika viganja.

"Hapa hujawahi kutoka vipele?"

"Zamani kidogo. Ni ile spiriti ya kusafishia mashine."

"Na nyayoni?"

Akaniangalia mimi. "Vilikuwepo."

"Kwa hiyo spiriti unaikanyaga."

Damu ikaonyesha kaswende. Daktari akasema imeingia kwenye jicho na mishipa ya fahamu, na dawa za virusi haziizuii. Akichelewa, jicho linaweza kuzimika moja kwa moja. Alazwe leo, apimwe maji ya uti wa mgongo, achomwe penisilini ya mshipani wiki mbili.

"Wiki mbili kitandani?" Tayari anatazama mlango.

"Na mkeo aje apimwe," muuguzi akasema.

Hapo akakaa kwenye benchi mwenyewe, bila kuambiwa.

Wifi alikuja, akapimwa, naye akachomwa sindano. Chakula alikuwa anamletea wodini kila siku, maneno hakuleta.

Jicho limerudi, si lote. Mlio umepungua, haujaisha. Siku hizi, kabla hajagusa kichwa cha mtu, anaweka mashine shavuni kwanza ahisi kama inatetemeka. Balbu nimemwambia apunguze. Hataki.